Risala kwa Sista Aliyetufukuza Wodini

Mgeni wetu wa heshima, Sista msimamizi wa wodi ya watoto. Mwenyekiti wa kikundi. Wazee wa mtaa. Wazazi mlioacha nguo kwenye kamba na mawingu haya. Na nyinyi watoto mliokimbilia viti vya mbele kwa sababu mmeiona keki: hamjambo nyote?

Mimi ni katibu, na wenzangu wamenituma nisome risala hii kwa niaba yao. Sista, tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko. Najua wapo waliofika hapa Jericho leo wakitarajia kumwona diwani, au mtu wa benki. Hawana kosa. Nairobi tumezoea mgeni wa heshima kuchaguliwa kwa unene wa bahasha yake. Sisi mwaka huu tumemwalika mtu aliyetufukuza, na wanachama waliopiga kura ya ndiyo ni 17 kati ya 19. Wale wawili waliokataa wako pale nyuma, nao wamesema watakupigia makofi hata hivyo.

Kwa wasiotujua: tunavaa maleba ya hadithi za sayansi ya kubuni. Roboti, wanaanga, askari wa sayari zisizokuwepo, viumbe wenye macho matatu. Tunakwenda kwenye sherehe za watoto, makao ya watoto na hafla za hisani. Hatulipwi. Mzazi akitualika kwa siku ya kuzaliwa ya mwanawe, iwe South B au Kasarani, tunamwomba alete unga, sodo au pampas, navyo vinakwenda kwenye makao ambayo tumekubaliana naye mapema. Tuna msusi kutoka Umoja, fundi wa simu, walimu wawili, dereva wa matatu, na waliobaki ni wanafunzi wa vyuo ambao mama zao bado wanauliza hii ni kazi gani.

Hatukuibuni sisi. Mwaka wa 1939, kwenye mkutano wa kwanza wa dunia wa wapenzi wa hadithi hizi huko New York, kijana Forrest Ackerman alitokea amevaa mavazi ya watu wa karne zijazo, na picha yake inatajwa mpaka leo. Aliyeyashona mavazi hayo ni Myrtle Douglas, ambaye naye alikuwepo amevaa yake. Yeye hutajwa mara chache. Nimeona nimtaje hapa kwa sababu ya mama yetu fundi wa Kariokor, ambaye amekuwa akitushonea kwa mkopo tangu mwanzo na hajawahi kuonekana kwenye picha hata moja. Mama, simama wakuone.

Kisha mwaka wa 1997, Mmarekani Albin Johnson wa South Carolina akaanzisha kundi linaloitwa 501st Legion, la watu wanaovaa kama wale askari wa mavazi meupe wa filamu ya Star Wars ya mwaka wa 1977. Wale ni askari wa upande muovu, na kundi lenyewe hujisifu kwamba ni wabaya watendao mema. Bintiye Johnson, Katie, aliugua saratani ya ubongo akiwa bado mdogo, akaomba roboti wa kumlinda. Marafiki wa baba yake wakamletea roboti wa rangi ya waridi. Katie alifariki mwaka wa 2005. Hadithi hiyo ndiyo iliyotukusanya sisi watu wa kwanza sita, tukiwa kwenye saluni Umoja, siku ambayo stima ilipotea na wateja wakaondoka.

Lakini Sista, tuliisikia hadithi ile nusu. Tulimwona roboti. Hatukuona kwamba mtoto ndiye aliyeomba.

Helmeti yetu ya kwanza tuliifuata Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali. Fundi alitupimia kichwa kwa kamba, akagonga bati siku mbili, akatukabidhi kitu cha kupendeza sana ambacho hakuna binadamu angekivaa zaidi ya dakika tano. Kilikuwa kizito, kilichemka, na ukigeuka upesi chenyewe kilibaki kikitazama ulikotoka. Sasa kinapandwa dhania. Baadaye tukagundua ile mikeka ya sponji ngumu ambayo watoto huichezea, inayoungana kama vipande vya fumbo. Ukiikata kwa kisu cha wembe, ukaipasha moto kwa draya ya saluni, inalegea kama chapati iliyotoka kwenye karai. Unaibonyeza kwenye goti, unahesabu mpaka thelathini, inapoa ikiwa na umbo la goti. Msusi wetu ana mkono wa kazi hiyo kuliko sote. Anasema sponji haina makelele ya wateja. Ndani ya helmeti tunafunga kifeni cha kompyuta kuukuu kinachotumia betri ya kuchajia simu. Bila hicho, kioo kinaingia ukungu na roboti anapiga ukuta.

Usafiri ni kesi nyingine. Makanga mmoja wa Jogoo Road aliniambia, "Hiyo kichwa italipa kiti." Ililipa. Ikakaa dirishani mpaka mjini, na abiria wawili wakaisalimu.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Ni miaka mitatu sasa. Tulikuwa saba, tumevaa kila kitu, tumezungumza na mtu mmoja ofisini na tukadhani tumezungumza na hospitali. Tuliingia wodini kwa mwendo wa gwaride. Kitanda cha tatu alikuwepo mtoto wa kama miaka miwili. Alitutazama kidogo, mdomo ukapindika, akapiga yowe ambalo nalisikia mpaka leo. Wa kitanda cha nne akalidaka, wa tano akalipokea, na kabla hatujajua la kufanya wodi nzima ilikuwa inalia, na mama mmoja ameshika mkono wa mwanawe kwa nguvu asije akang'oa sindano ya dripu.

Wewe hukupaza sauti. Ulitutoa hadi kwenye ukumbi wa nje, ukatuuliza maswali matatu. Hizi nguo mlizisafisha lini? Nani kati yenu ana mafua? Yule mtoto mlimwuliza?

La kwanza hatukuwa na jibu. La pili, mwenzetu mmoja alijibu kwa kukohoa.

Uliendelea kutueleza, huku umesimama katikati ya mlango usije ukaachia nafasi, kwamba mtoto anayetibiwa saratani dawa humshusha chembe nyeupe za damu, zile ambazo ndizo askari wa kweli, na mafua ambayo kwetu ni ya siku tatu yanaweza kumrudisha yeye kwenye hatari. Ukagusa manyoya ya kiumbe wetu wa macho matatu kwa ncha ya kidole, ukauliza yanafuliwaje. Hayafuliki. Ukasema basi hayaingii. Tuliteremka ngazi tumebeba vichwa vyetu makwapani.

Nitakuwa mkweli: wiki mbili tulikusema vibaya. Tulisema huna moyo. Halafu mwalimu mmoja kati yetu akauliza kwenye mkutano kama kuna yeyote anayeweza kulijibu lile swali la tatu. Kimya.

Tangu hapo tunaingia bila vichwa. Tunafika na nyuso zetu, tunakaa chini ili tusiwe warefu kuliko kitanda, na helmeti inawekwa sakafuni. Mtoto akiitaka, anaichukua. Asipoitaka, tunacheza drafti kwa vifuniko vya soda, na siku imeisha vizuri. Kila aliyevaa ana msindikizaji mmoja asiyevaa, wa kumshika mkono, kutazama chini ambako helmeti haioni, na kumwambia muda wake umekwisha, kwa sababu dakika ishirini ndani ya sponji ni nyingi. Manyoya hayapiti mlango wa hospitali. Kila sehemu imepakwa rangi isiyonyonya maji, na tunaipangusa kwa spiriti kabla na baada. Mwenye kikohozi hubaki nyumbani, hata kama ndiye mwenye roboti.

Uliporuhusu turudi, tukiwa wawili tu, kulikuwa na kijana wa miaka saba hivi, kipara, mwenye sura ya mkaguzi wa hesabu. Aliichukua helmeti yangu, akaigeuza, akachungulia ndani, akakipuliza kifeni. Kisha akaniuliza, "Na ukipiga chafya?" Nikamwambia ukweli: hakuna pa kuipeleka. Akacheka mpaka akashika tumbo. Akanivisha mwenyewe, akaniamuru nipige chafya. Nilipiga chafya za uongo kumi na moja mchana ule.

Si kila kitu tulijifunza kwako. Jambo moja tulifunzwa na mvulana wa mtaani, pale Muthurwa, siku ya chakula cha pamoja. Alikuja karibu yangu, nikadhani anataka kugusa bega la roboti. Akainama, akalinusa. Akafumba macho. Vipande vile nilikuwa nimeviunganisha usiku uliotangulia kwa gundi ya fundi viatu, ileile wanayoivuta kwenye chupa. Nilikuwa nimemletea jambo analojaribu kuliacha, nimelivaa kifuani. Sikumaliza sherehe ile. Siku hizi gundi inapakwa nje, kwenye upepo, wiki tatu kabla. Na tukienda kwa wavulana wale tunavaa vya kushonwa tu, vya mama wa Kariokor.

Bunduki hatubebi, hata ya plastiki, hata ya kuwaka taa. Mtoto wa Mathare hahitaji ya kuchezea ili aijue. Sare za polisi na jeshi sheria imekataza raia kuzivaa, nasi hatuvai hata zinazofanana. Picha hatupigi bila idhini ya mzazi. Sheria ya kulinda data ni ya mwaka wa 2019, na mwaka wa 2023 shule moja hapa jijini ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini hiyo. Sisi tukitozwa hizo, tutauza hata vichwa.

Tena hatutishi watoto. Naomba wazazi mnisikie hapa. Kila mwezi kuna anayetunong'oneza, "Mwambie asipomaliza wali utambeba." Watoto wetu wamelala na hadithi za zimwi tangu wakinyonya, wakimwona mtu mrefu aliyevaa nyeusi tupu, mwenye sauti ya bomba, hawahitaji kusukumwa. Mmoja wetu mtaani hapa haitwi kwa jina lake tena, anaitwa Zimwi, hata dukani. Ametumia mwaka mzima kuwarudisha watoto mlangoni kwake, kwa peremende na kwa kuvua helmeti mbele yao tena na tena.

Wanapozoea, maswali huanza, na kubwa ni kama Kenya ina habari na anga. Ndipo tunapojivunia. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu yetu, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikapewa jina Uhuru. Ndiyo ya kwanza kutengenezwa mahsusi kuchunguza eksirei zitokazo angani. Mtoto wa wodini anaijua eksirei kuliko sisi. Mwambie nyota nazo zinazitoa, uone atakavyokaa wima kitandani. Mwaka wa 2018 Chuo Kikuu cha Nairobi kikapeleka yake ndogo, mchemraba wenye upande wa sentimita 10 tu, na tarehe 15 Aprili 2023 ikafuata Taifa-1. Ule mchemraba tumeutengenezea maleba ya boksi ambayo mtoto anaweza kuyavaa akiwa ameketi kwenye kiti cha magurudumu. Yamepasuka mara nne. Ndiyo yanayogombaniwa kuliko yote.

Sista, risala bila maombi si risala, nasi tunayo, ila tumeyapunguza. La kwanza, uje mara mbili kwa mwaka uwafundishe wanachama wapya, na uwaulize yale maswali matatu kwa sauti ileile. La pili, utupe jina la mtu wa kumpigia simu wodini kabla ya kila ziara, tusije tukazungumza tena na ofisi tukadhani tumezungumza na watoto. La tatu ni kwa wazee wa mtaa: tunaomba chumba, hata cha futi kumi kwa kumi. Maleba yote yako chini ya kitanda cha mweka hazina, panya wamekula sikio la mwanaanga, na mumewe ameanza kuuliza kati yake na roboti nani anapanga.

Tumekuandalia zawadi ndogo. Ni helmeti, nyeupe, yenye msalaba mwekundu uliokataliwa na mwalimu wetu kwa kuwa nembo ile ina wenyewe, kwa hiyo utaona mahali ulipofutwa na kuchorwa thamometa. Kipimo cha kichwa chako tulikikisia. Kifeni kinafanya kazi. Imepanguswa kwa spiriti asubuhi ya leo, na aliyeipangusa hana mafua, tulimkagua. Hatutakuvisha. Iko hapo mezani, kando ya keki. Ukiitaka utaichukua mwenyewe, na ukiivaa, tafadhali, usipige chafya.