QuickBooks Inakataa Kufunguka Kaunta? Msiifute Kwanza

Tarehe 20 ya ritani za VAT ikikaribia, simu zetu hazipoi. Leo ni duka la vipuri Kirinyaga Road, kesho stoo ya Industrial Area, na kisa ni kilekile: kompyuta ya mhasibu inafungua vitabu vya QuickBooks, programu ya hesabu, vizuri, ya kaunta inaleta kosa la H202. Na tayari kuna fundi amesema programu ifutwe, iwekwe upya.

Ngojeni. H202 haimaanishi hesabu zimeharibika. Inamaanisha kaunta haijaifikia kompyuta yenye faili, yaani seva. Je, seva imewashwa? Haijalala? Windows huilaza ikikaa bila kuguswa, hata kama kaunta ina foleni.

Kinachofuata ni stima. Ikipotea na kurudi, rauta huwaka upya na inaweza kuipa seva anwani nyingine ya IP (namba ya kompyuta kwenye mtandao), huku kaunta ikiitafuta kwa ile ya zamani. Itengeeni seva anwani ya kudumu kwenye rauta. Angalieni pia kaunta isiwe kwenye Wi-Fi ya wageni, ambayo mara nyingi huzuia mashine zisionane. Mtoa intaneti msimlaumu bure; kompyuta hizi huongea zenyewe kwa zenyewe hata bando likiisha.

Yote hayo yakiwa sawa, tazameni folda ya QuickBooks kwenye seva. Mna faili dogo linaloishia na .ND, ndilo linaloielekeza kaunta ilipo seva. Likiwa na habari za zamani, libadilisheni jina, kisha fungueni Database Server Manager, programu ya QuickBooks iliyo kwenye seva, iikague folda upya, itaunda jingine. Lile la .QBW msiliguse, hivyo ndivyo vitabu vyenyewe. Na kazi ya kuzihudumia kompyuta nyingine faili (hosting) iwe ya seva peke yake. Kaunta nayo ikiwashiwa hosting, zitavutana.

Tunachoogopa hasa ni flashi. Mtu ananakili faili kwenye flashi, anaitumia nakala hiyo kuuza kwenye kaunta, na jioni duka lina vitabu viwili, kila kimoja kina ankara ambazo kingine hakina. Hakuna kitufe cha kuviunganisha. Mtakaa na risiti mkiingiza moja moja. Afadhali muandike mauzo kwa mkono hadi mtandao urudi.

Mkitupigia, tumeni picha ya ujumbe wote wa kosa, na mtuambie kama seva inajibu ping (jaribio la kuona kama kompyuta moja inaifikia nyingine) kutoka kaunta. Mara nyingi hayo yanatutosha kumaliza kazi kwa simu, bila gharama ya fundi kuja.