Barua kwa rafiki: mtoto mwenye disleksia na programu za kusomea

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Barua yako niliipata, na swali lako, kama ipo programu ya simu itakayomfundisha mwanao kusoma sasa baada ya mtaalamu kuthibitisha kuwa ana disleksia, yaani ugumu wa kujifunza kusoma na kuandika, nimelitafakari kabla ya kukujibu. Programu zitamsaidia. Ila ziko za aina mbili, na wazazi wengi huchukua ya aina moja wakiitarajia ifanye kazi ya nyingine. Aina ya kwanza humfunza mtoto kuoanisha herufi na sauti zake hadi aweze kusoma mwenyewe. Aina ya pili humsomea kwa sauti maandishi ambayo bado hajayamudu. Mwanao anazihitaji zote mbili, kila moja kwa kazi yake.

Kwanza nikuondolee wasiwasi uliouandika mwishoni mwa barua yako. Disleksia si ugonjwa wa macho, wala si dalili ya akili nzito. Mwaka 1896 daktari Mwingereza aitwaye W. Pringle Morgan alieleza katika jarida la British Medical Journal habari za mvulana wa miaka 14 aliyekuwa mwerevu na mwepesi michezoni, ila maandishi yalimshinda. Mwalimu wake alisema kwamba angekuwa hodari kuliko wote shuleni endapo masomo yangetolewa kwa mdomo tu. Morgan aliiita hali hiyo upofu wa maneno, jina lililowafanya watu wengi waendelee kuyashuku macho kwa miaka mingi. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba kwa watoto wengi ugumu uko kwenye sauti: kutambua kuwa neno limeundwa kwa sauti ndogondogo, kuzitenganisha, na kuzioanisha upesi na herufi zake. Kwa hiyo programu inayojinadi kwa mazoezi ya macho iache ilivyo. Mwaka 2009 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, pamoja na vyama vya madaktari wa macho, kilitamka kwamba mazoezi hayo na miwani ya rangi havina ushahidi wa kisayansi wa kutibu tatizo hili. Fonti maalumu, yaani mitindo ya kuchora herufi, zinazosifiwa nazo, kama OpenDyslexic, zilipopimwa hazikuonyesha manufaa yanayolingana na sifa zake. Lililoonekana kuwafaa watoto wenye disleksia, katika utafiti wa mwaka 2012 uliofanywa kwa watoto wa Italia na Ufaransa, ni kuongeza nafasi kati ya herufi, na hilo unaweza kulifanya katika programu nyingi bila kulipia chochote.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo nadhani ndilo zito zaidi, nalo ni lugha ya programu yenyewe. Kiswahili huandikwa karibu sawasawa na kinavyotamkwa, ilhali Kiingereza hakiko hivyo. Mtoto anayefundishwa na programu ya Kiingereza kwamba herufi «a» hutamkwa «ei» na «i» hutamkwa «ai» atarudi kwenye kitabu chake cha Kiswahili akiwa na mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza. Tafuta programu ya Kiswahili inayojengwa juu ya silabi, na uisikilize wewe kwanza: je, inatofautisha vizuri «ng» na «ng'», «th» na «dh», «b» na «mb»? Hizo ndizo sehemu ambazo mtoto mwenye disleksia hukwama, na sauti iliyorekodiwa ovyo humharibia kabisa. Kuna jambo jingine linalofichika. Katika lugha zinazoandikwa kama zinavyotamkwa, mtoto wa namna hii mara nyingi hujifunza kusoma kwa usahihi, ila husoma polepole mno, silabi baada ya silabi, kiasi kwamba akifika mwisho wa sentensi mwanzo wake umekwisha kumtoka. Programu inayohesabu majibu sahihi peke yake itampa nyota na vigelegele, nawe utadhani ameshafaulu. Chagua inayorudia silabi zilezile hadi azitambue kwa wepesi, na isiyomtishia kwa saa inayokimbia mbele ya macho yake.

Mchezo uliochunguzwa kuliko mingi ni GraphoGame, uliozaliwa katika Chuo Kikuu cha Jyväskylä nchini Finland kutokana na kazi ya Heikki Lyytinen na wenzake, waliowafuatilia tangu kuzaliwa watoto wa familia zenye historia ya disleksia. Mtoto husikia sauti, kisha huchagua herufi yake miongoni mwa zile zilizo kwenye kioo cha simu, na mchezo hupunguza au huongeza ugumu kulingana na makosa yake. Nakueleza haya kwa sababu ya matokeo yake. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2020 uligundua kwamba, kwa wastani, mchezo huo haukuongeza uwezo wa kusoma maneno, isipokuwa pale ambapo mtu mzima alishiriki kwa karibu. Utafiti wa Zambia wa mwaka 2014 nao ulikuta kwamba wanafunzi wa darasa la kwanza walionufaika zaidi ni wale ambao walimu wao pia waliucheza. Basi ukimpa mwanao simu ili upate nafasi ya kufanya shughuli zako (nami silaumu, shughuli hazina mwisho), usitegemee mengi.

Kaa naye kwa muda mfupi kila siku kuliko muda mrefu mara moja kwa juma. Asikie sauti, aitamke mwenyewe, kisha aandike silabi hiyo kwa mkono kwenye karatasi, kwa maana kugusa kioo hakumfunzi mkono wake kuiunda herufi. Njia hiyo ya kuona, kusikia, kutamka na kuandika kwa pamoja ilianza na Samuel Orton na Anna Gillingham huko Marekani, nayo ina umri mkubwa kuliko simu zote tulizo nazo.

Kuhusu programu zinazosoma kwa sauti, usiwasikilize wanaosema kwamba zitamfanya awe mvivu. Akingoja hadi ajue kusoma ndipo apate sayansi, historia na hadithi, atabaki nyuma katika mambo ambayo akili yake ingeyapokea leo. Immersive Reader ya Microsoft, kwa mfano, husoma maandishi huku ikimwonyesha neno linalosomwa. Jaribu tu kama sauti yake ya Kiswahili inasikika vyema. Ulizia pia maktaba zinazotoa vitabu vya kusikiliza: Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ulioanza kutumika mwaka 2016, unawahusu wenye ulemavu wa kusoma maandishi, si wasioona peke yao, na huruhusu nakala za namna hiyo kutengenezwa katika nchi wanachama bila kungoja ruhusa ya mwenye hakimiliki.

Kabla ya kulipia programu yoyote, itumie bure kwa majuma machache, kisha mpe mwanao maneno ambayo hajawahi kukutana nayo humo, yaliyoandikwa kwenye karatasi, uone kama anayasoma kwa wepesi zaidi kuliko awali. Mwalimu wake naye aambiwe unachofanya nyumbani, ili asimfundishe herufi kwa utaratibu unaopingana na wako. Niandikie majina ya programu ulizoziona na silabi zinazomsumbua zaidi, nami nitazisikiliza na kukupa maoni yangu katika barua ijayo.

Wasalaam,
Rafiki yako