Mnawaita wajitokeze wapi?

Mhariri,

Nasoma gazeti lenu miaka mingi na sijawahi kuwaandikia, lakini habari yenu ya msako wa wavuta unga, yaani heroini, hapa Busia, Uganda, imenishinda kunyamazia. Mle ndani afisa mmoja anawasihi vijana walioathirika wajitokeze wenyewe hospitalini wasaidiwe. Mwandishi wenu alipaswa kumuuliza: wakifika, mlangoni watamkuta nani?

Mtoto wa marehemu dada yangu alizidiwa na unga usiku mmoja wa Ramadhani. Wenzake walimlaza mkekani, wakatoroka. Msiwaite wanyama. Mmoja wao ndiye aliyenipigia simu, analia, hataki kutaja jina, kwa kuwa anajua akikutwa pale na yeye anaenda ndani. Nilimkuta mtoto midomo imegeuka buluu, mboni za macho zimekuwa ndogo kama kichwa cha pini, pumzi inakuja moja, halafu unangoja ya pili mpaka unahisi haiji tena. Tukampakia kwenye bodaboda, mimi nyuma nimemshika asianguke. Kwenye kituo cha afya, muuguzi aliposikia neno unga aliacha kuvaa glavu. "Mama, hiyo ni kesi. Lete kwanza fomu ya polisi." Nikamwambia hapumui! Askari aliyekuwa ameketi kwenye benchi la wagonjwa akainuka, akaanza kunihoji pale pale: kanunua kwa nani, alikuwa na nani, anakaa wapi. Maswali yote hayo mtoto yuko sakafuni. Daktari kijana wa zamu ndiye aliyetoka chumba cha pili, akamwambia askari asogee, akapiga magoti, akawa anampulizia hewa kwa kifuko cha mpira kinachobanwa kwa mkono hadi gari likapatikana la kumpeleka hospitali kubwa. Yu hai leo kwa sababu ya daktari huyo.

Naloksoni, sindano inayomrudishia pumzi aliyezidiwa na unga kwa dakika chache tu, kituo hakikuwa nayo. Na hata ingekuwepo, nguvu yake huisha mapema kuliko unga wenyewe, hivyo mgonjwa lazima abaki chini ya uangalizi kwa saa kadhaa. Nani atakubali kubaki kitandani na askari anamtazama?

Sheria ya dawa za kulevya ya 2015 ilifutwa na Mahakama ya Katiba Mei 2023 kwa sababu akidi bungeni haikutimia, na mwaka huo huo Bunge likaipitisha upya. Sawa, wafungeni wanaouza. Lakini Wizara ya Afya ina Hati ya Haki za Wagonjwa tangu 2009, na hati hiyo inasema mwenye dharura atibiwe kwanza, bila hata kudaiwa pesa za kutanguliza.

Na kwa kuwa nimetaja pesa: hospitali ya serikali ni bure, tunaambiwa, lakini nani hapa hajatumwa kununua daftari la kuandikiwa dawa, akarudi akatumwa glavu? Usiku ule duka la jirani lilikuwa limefungwa. Anayetaka kuacha unga naye anaambiwa aende Butabika, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Kampala, ambako methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha unga, inatolewa tangu 2020. Dawa hiyo hunywewa kila siku. Kutoka Busia mpaka Kampala ni karibu kilomita 200. Atapanda basi kila asubuhi kwa nauli ya nani?

Naomba mambo haya yafanyike mwezi huu. Benchi la askari liondolewe chumba cha dharura, lipelekwe getini. Mkuu wa polisi wa wilaya atie saini barua inayosema hakuna mgonjwa wala aliyemleta atakayehojiwa kabla daktari hajaruhusu, na barua hiyo ibandikwe ukutani kwa Kiswahili, Kisamia na Luganda. Naloksoni iwekwe kwenye kabati ambalo ufunguo wake anao mtu wa zamu ya usiku, si bosi aliyelala nyumbani.

Mama mwenye duka la vitenge,
Busia, Uganda