Ile titaniamu disalfaidi uliyoniuliza

Mambo Baraka,

Za siku nyingi kaka, wazee hawajambo? Meseji yako niliiona, kwamba mnataka kujaribu kutengeneza TiS2, yaani hiyo titaniamu disalfaidi, hapo chuoni na unauliza kwa nini naipenda hivi wakati betri za simu zinatumia vitu vingine.

Naipenda kwa sababu ya muundo wake. Kila tabaka lina titaniamu katikati, salfa juu na salfa chini, titaniamu moja imezungukwa na salfa sita, na humo ndani zimeshikana kweli kweli. Ila tabaka na tabaka zimelaliana tu kwa nguvu dhaifu, ukibandika selotepu juu ya fuwele ukavuta, linabanduka kama chapati iliyosukumwa vizuri. Ule mwanya katikati ndo kila kitu! Miaka ya 1970 mwanakemia Stanley Whittingham akiwa kampuni ya mafuta ya Exxon kule Marekani alionyesha lithiamu inaingia mle na kutoka bila muundo kubomoka, tabaka zinaachana kidogo tu, kutoka kama nanomita 0.57 hadi 0.62, betri za lithiamu za kuchaji zikaanzia hapo, na 2019 akapewa Nobel ya kemia pamoja na wanasayansi wenzake Goodenough na Yoshino.

Sasa kuitengeneza. Unga wa titaniamu na salfa unatia kwenye mrija wa kwatsi, unafyonza hewa yote, unauziba kwa moto. Hapa haraka hakuna kabisa, salfa inachemka kwenye nyuzi 444 na presha ikipanda ghafla mrija unapasuka, kwa hiyo joto unapandisha pole pole mpaka 600 hivi. Ukitaka fuwele kubwa tia iodini kidogo, upande mmoja wa tanuru 900 mwingine 800, mvuke wa iodini unabeba titaniamu hadi kwenye ubaridi na hapo vinaota vibati vyembamba vya rangi ya dhahabu, ukivigeuza kwenye taa vinameta, utapenda.

Na salfa usiipime kwa ubahili. Ikipungua, titaniamu ya ziada inajichomeka kwenye ule mwanya na kuzifunga tabaka pamoja, lithiamu haipiti tena. Bora ikuzidie ibaki imeganda ukutani mwa mrija.

Kufungua, fungulia ndani ya boksi la agoni tafadhali, lile lililozibwa na kujazwa gesi ya agoni, hewa ya Mombasa na unyevu wake itaiharibu na inatoa haidrojeni salfaidi, ile harufu ya yai viza, na ni sumu. Mkishapata picha ya eksirei ya kuonyesha muundo wake nirushie tuiangalie pamoja.

Wako,
Salim