Waliotunza taa ya Chumbe waandikwe

Ndugu Mhariri,

Mjukuu wangu wa darasa la sita amekwenda kisiwani Chumbe na skuli yake. Amerudi anajua kwamba mnara wa taa wa pale, unaoongoza vyombo baharini, ulijengwa mwaka 1904, kwamba taa ya gesi iliwekwa 1926, na ngazi zote 131 amezipanda kwa miguu yake. Akaniuliza, "Babu, nani alikuwa akiitunza?" Sikuwa na jina la kumpa.

Nami taa ile imenifikisha nyumbani. Mwaka 1967 nilikuwa baharia kijana katika jahazi la baba, tumepakia boriti kutoka Kisiju, pwani ya bara. Upepo wa kusi unatusukuma tezini, nyuma ya chombo, wingu limefunika nyota zote. Nimekaa omoni, mbele ya chombo, natazama kiza mpaka macho yananiuma. Mara taa ikamulika, ikapotea, ikarudi palepale. Baba akashusha pumzi. "Chumbe hiyo." Hata hivyo akahesabu kwa vidole kati ya mmweko na mmweko, apate yakini kuwa si karabai ya wavuvi. Kisha akaiacha mkono wa kulia, mbali na matumbawe, na alfajiri tukatia nanga Malindi, hapa Unguja.

Mtunza taa mmoja nilimwona kwa macho yangu. Akija mjini kununua unga, baba alimpisha mahali pake barazani na hakumwachia alipe kahawa. "Huyu jirani yetu wa usiku," alisema. Sisi watoto tulimjua kwa lakabu tu.

Mji huu ulishapoteza mnara mmoja wa taa, ule uliosimama mbele ya Beit al Ajaib ukaharibiwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896. Picha zake tunazo. Walioupanda kila magharibi hatuwajui hata mmoja.

Chumbe bado tunaweza kuwahi. Kisiwa kimehifadhiwa tangu 1994, nyumba ya mtunza taa inapokea wageni, na mnara unawaka hadi leo. Wanaokitunza nawashukuru kwa dhati. Ninaloomba ni ubao mmoja chini ya ngazi ya kwanza, wenye majina ya waliokaa pale peke yao, usiku baada ya usiku, ili sisi tufike. Watoto na wajukuu wao wamo humu Unguja. Wajitokeze wakiwa bado wanakumbuka.

Lakabu ya yule mzee nimeshaiandika katika daftari la mjukuu wangu, ukurasa wa kwanza.

Nahodha mstaafu,
Malindi, Unguja