Kitako cheusi cha nyanya hakitibiwi kwa dawa ya ukungu

Mhariri,

Naomba nafasi niwaeleze wenzangu tunaolima nyanya nyuma ya nyumba, hapa Tororo na kwingineko Uganda, jambo lililonigharimu msimu mzima. Katika kiangazi cha Januari nyanya zangu, ambazo zilikuwa zimezaa vizuri, zilianza kuota doa la majimaji kwenye kitako, na baada ya siku chache doa hilo likawa jeusi, likabonyea, likakauka mfano wa ngozi ya kiatu. Muuza pembejeo mmoja aliniuzia dawa ya ukungu. Nilipiga mara tatu na matunda yakazidi kuharibika, kwa kuwa ule haukuwa ukungu hata kidogo.

Nyanya huoza kitako tunda linapokosa kalsiamu, madini yanayoimarisha kuta za seli zake. Kalsiamu husafiri kutoka mizizini pamoja na maji, na majani, ambayo hupoteza maji mengi juani, huivuta kuliko tunda; ikishafika kwenye jani, hairudi. Kwa hiyo bustani inayomwagiliwa leo ikasahaulika siku nne huoza vitako hata kama udongo wake una kalsiamu ya kutosha, nami sikubaliani na wanaokimbilia mbolea kabla ya kuangalia maji. Nilipoanza kumwagilia kila asubuhi kwenye shina na kutandaza nyasi kavu, matunda yaliyofuata yalitoka safi.

Mbolea ya kalsiamu ina mahali pake. Udongo wenye asidi nyingi huhitaji chokaa ya kilimo, ichanganywe miezi miwili au mitatu kabla ya kupandikiza miche, ila upimwe kwanza, kwani chokaa ikizidi huzuia madini mengine. Maabara ya Kawanda hufanya kazi hiyo. Mimea ikiwa tayari bustanini, kalsiamu naitreti, yenye kalsiamu takriban asilimia 19, huyeyuka majini na kufika mizizini upesi. Maganda ya mayai, ambayo majirani zangu huyafukia mazimamazima, huchelewa mno kuoza. Yatwangwe kinuni hadi yawe unga, tena mapema kabla ya msimu. Urea nayo ipunguzwe, maana huchochea majani, na naitrojeni yake hushindana na kalsiamu mizizini.

Nawasihi wenye maduka ya pembejeo wamwulize mteja anamwagilia mara ngapi kwa wiki kabla ya kumkabidhi chupa ya dawa.

Mkulima wa bustani,
Tororo