Wapenda ndege, andikeni na sifuri

Mhariri,

Nimeisoma makala yenu kuhusu wapenda ndege wanaoshindana kukusanya majina mengi ya ndege waliowaona kabla ya Desemba 31. Sina ugomvi na mashindano. Hata mimi nina orodha yangu ya mwaka, naianza upya kila Januari mosi alfajiri, na kunguru huwa namba moja (yeye husikika kabla sijafika). Lililonikera ni pale mwandishi wenu aliposema kwamba anayeng'ang'ania ufukwe mmoja mwaka mzima anajinyima.

Ufukwe wangu haufiki kilomita mbili. Unaanzia kwenye mlango wa mto mdogo, unapita penye tope na mikoko, unaishia miambani. Huu ni mwaka wa 14 naukanyaga, mara mbili kwa wiki, na darubini ambayo jicho lake moja limeingia ukungu. Mwaka jana nilifikisha aina 103. Mwaka mmoja niliishia 99, na hiyo 99 ina kisa. Jioni ya Desemba 30, jua likizama, akapita buabua mmoja aliyeonekana mkubwa kuliko wenzake, mdomo wake nikauona wa rangi ya chungwa. Nikaandika mia. Usiku usingizi ukanipaa. Jua lile lilikuwa linapaka kila kitu rangi ya chungwa, hadi midomo ya shakwe na vidole vyangu mwenyewe. Kulipokucha nikamkata kwa kalamu nyekundu.

Ukikaa mahali pamoja unajifunza maji kwanza, ndege baadaye. Maji yakipwa, vitwitwi na sululu, ndege wa pwani wanaochokora tope, hutawanyika humo, kila mmoja na shughuli zake, na kwa darubini kama yangu utaambulia vitone tu. Maji yakianza kujaa, tope linamezwa kidogo kidogo, nao wanarudi nyuma kidogo kidogo, mpaka wote wanabanana kwenye ulimi wa mchanga karibu na mlango wa mto. Hapo ndipo pa kuwahesabu. Mimi hutangulia kama saa mbili kabla maji hayajajaa, nikaketi, nisitikisike. Lakini hiyo ni habari ya bamvua, maji makubwa ya mwezi ukiwa mpevu au ukiandama. Siku za maji mafu, yasiyojaa sana, sehemu ya tope hubaki wazi, ndege hawana sababu ya kukusanyika, na mgeni anayepita siku hiyo na gari lake ataondoka akisema hapa hamna kitu. Mimi mwenyewe nilisema hivyo miezi mitatu ya kwanza.

Sasa chukueni kitwitwi yule mwenye mdomo uliopinda kuelekea chini. Huzaliana Siberia, kaskazini kabisa. Wakubwa hutangulia kurudi, wengine bado wana mabaki ya wekundu kifuani. Wadogo waliozaliwa mwaka huohuo hufuata wiki kadhaa baadaye, migongo yao ina michoro kama magamba ya samaki. Wakubwa nawaandika safu yao, wadogo safu yao. Kwenye orodha ya mshindani ndege huyu ni alama moja: ameonekana, basi, twende kwingine. Kwenye daftari langu kuna mwaka ambao wadogo walifurika, na mwaka mwingine nilitafuta msimu mzima nikapata watatu. Kisa chake kiko huko walikozaliwa. Kuna panya wa kaskazini waitwao lemingi. Wakiwa wengi, mbweha wa Aktiki hushiba hao na viota vya ndege husalimika. Lemingi wakiadimika, mbweha hugeukia mayai na makinda. Nami niliyekaa juu ya gogo mbali kiasi hicho nayasoma hayo kwa kuhesabu migongo yenye magamba. Kama huko ni kujinyima, naomba nizidishiwe.

Jambo lililonifanya nishike kalamu, hata hivyo, ni sululu mdomo-mwembamba. Mara ya mwisho kuonekana kwa uhakika ilikuwa mwaka 1995, kwenye ziwa la pwani la Merja Zerga, Morocco. Mwaka 2025 ndipo akatangazwa rasmi kuwa ametoweka duniani. Miaka 30 katikati! Alifanana na ndugu zake, huenda wengi walimpita bila kumtambua. Ila nadhani kuna na hili: kumwandika ndege aliyeonekana hakuna anayesahau, nani huandika “leo nimetafuta, hayupo”?

Mimi huandika. Wale ndege wapindua mawe wa miambani kwangu walizoea kuwa 30 na ushei. Novemba iliyopita nilikwenda mara nane: 9, 7, 0, 4, 0, 0, 6, 0. Mshindani aliyepita siku ile ya 4 alipata alama yake, sawasawa na ambayo angeipata miaka kumi iliyopita mbele ya ndege 30. Orodha yake haina pa kuonyesha kwamba kitu kimepungua. Sijui kama wamekufa, wamehama, au mawe yao yamefunikwa na mchanga. Lakini sifuri zangu nne zina tarehe na saa, na atakayetaka kuuliza ana pa kuanzia.

Kwa hiyo simwambii mtu aache kushindana. Andika idadi mbele ya jina. Andika umekaa muda gani. Ukikosa, andika umekosa. Na tafadhali msiwarushe ndege kwa ajili ya picha, hasa wanapojiandaa na safari ya kwenda kuzaliana: wako kwenye kulimbikiza mafuta, baadhi yao hukaribia kuwa na uzito maradufu, na kila wakirushwa akiba inaungua. Mwaka 2022 jamaa mmoja wa sululu, kinda wa miezi mitano hivi, alipimwa kwa mtambo wa setilaiti akiruka kutoka Alaska hadi Tasmania, kilomita 13,560, siku 11 bila kutua. Hakuna aliyemsimamisha njiani ampige picha.

Nina ombi moja dogo kwenu pia, Mhariri. Kila wiki gazeti lina nusu ukurasa wa nyota, unaoniambia nitapata fedha nisizozitarajia (bado nazisubiri). Kateni robo tu ya nafasi hiyo mtuwekee saa za maji kujaa na kupwa. Wavuvi watawashukuru. Nami nitaacha kubahatisha, maana Jumanne nilikosea hesabu za mwezi, nikafika maji yameshajaa na ndege wamekwisha kutulia, nikakanyaga katikati yao gizani, wakaruka wote. Siku hiyo sikuandika sifuri. Niliandika: “Kosa langu.”

Mimi msomaji wenu,
Mwalimu mstaafu